Tundu la Maji Katika Chumba cha Wageni

Nkowe, Ruangwa
14 Aprili 2024

Mdogo wangu Harithi,

Huku tuko salama, ila mvua imekataa kuondoka. Barabara imekatika pale bondeni, na siku hizi bodaboda ndio wanaozibeba pikipiki. Mahindi yamelala chini, mihogo imesimama. Wifi yangu Tunu hajambo? Na Samia? Mwambie shangazi yake anauliza kama huko kazini kwake anakula vizuri, maana picha niliyoletewa shingo ilikuwa ndefu kuliko mwaka jana.

Usinipigie simu tena. Sikio la kushoto limekufa, la kulia linasikia kama mtu anayeongea ndani ya debe. Mara ya mwisho ilibidi jirani anisikilizie, na mambo yetu yakafika kisimani kabla sijafika mwenyewe. Maandishi ya kwenye simu nayo ni kama sisimizi. Andika barua, mpe konda wa Noah ya abiria, ataiacha kwa Yunusi mwenye duka hapa jirani. Yunusi hafungui vya watu.

Jambo lenyewe ni hili. Korosho za msimu uliopita zimenipa nafuu, nataka kuongeza chumba cha wageni ubavuni mwa nyumba. Wewe unachora nyumba za watu huko Nachingwea, nichoree na mimi. Nataka kiwe na mlango wake wa nje, mpana, watu wanne wapite wakiwa wamebeba kitu bila kugonga kizingiti. Dirisha liwe juu, aliye nje asiweze kuchungulia. Sakafu iteremke kwenda kona moja, na kwenye kona pawe na tundu la maji, bomba lake liende kwenye shimo lililofunikwa nyuma ya nyumba. Koki ya maji iwe humo humo ndani. Kitanda kimoja kiwe katikati, mtu aweze kukizunguka pande zote.

Sitaki chumba chenye kazi moja. Chumba kinachokaa mwaka mzima kikimsubiri mgeni mmoja ni ujinga.

Dada yako,
Mwanabibi


Nachingwea
2 Mei 2024

Dada yangu Mwanabibi,

Shikamoo. Barua yako ilinifikia ikiwa imelowa kona, lakini ilisomeka yote. Sisi wazima. Tunu anakusalimu, mafua tu yanamsumbua kwa sababu ya vumbi la saruji la jirani anayejenga. Samia hajambo, na shingo ni ya mama yake, usihangaike nayo.

Nimefurahi kwamba unajenga. Ramani nimeikunja humu ndani. Hilo la chumba chenye kazi zaidi ya moja limeniingia rohoni, maana ndilo ninalowaambia wateja kila siku. Cha kwangu unakijua: kochi la kukunjua, meza ya pasi, na meza yangu ya kuchorea. Mgeni akija, vyote vinasukumwa ukutani, kochi linakuwa kitanda, na bafu analo humo humo. Wewe nimekuwekea kabati la ukutani la kutunzia mashuka, na ndoano za kuning'inizia nguo.

Lakini dada, tundu la maji la nini? Chumba cha kulala hakiwekwi mteremko, mguu wa kitanda utacheza na mgeni ataamka kichwa chini. Au unataka kuanikia ufuta humo? Na mlango mpana hivyo, unataka kuingiza ng'ombe? Nimechora kama ulivyosema, lakini niambie, maana mchoraji akijua kazi ya chumba anachora vizuri zaidi.

Mdogo wako,
Harithi


Nkowe
9 Septemba 2024

Harithi,

Salamu kwenu nyote. Ufuta umetoka vizuri, na mikorosho imeshapulizwa salfa, sasa ina maua mpaka raha. Mimi mzima, ila goti.

Chumba kimekwisha. Fundi alikufuata mstari kwa mstari, na akasema aliyechora hii ana akili. Nimepaka chokaa. Nimemwaga ndoo ya maji mlangoni nikayatazama, yakaenda yenyewe mpaka kwenye tundu kama yameitwa. Niliimwaga na ya pili kwa kufurahi tu.

Njooni mwisho wa mwaka, wewe na Tunu. Muwe wageni wangu wa kwanza wa kulala.

Mwanabibi


Nachingwea
6 Januari 2025

Dada,

Shikamoo. Tulifika salama. Samia alitupokea stendi.

Ile simu ya kikazi niliyokuambia nimepigiwa, mpaka tukaondoka bila kunywa hata chai, haikuwapo. Sababu ya kuondoka ni hii. Asubuhi ile Tunu alikwenda dukani kwa Yunusi kununua sabuni. Mke wa Yunusi akamwambia, "Poleni wifi, mmepata pa kulala? Maana Jumanne tulikuwa humo na marehemu Bi Somoe." Tunu akadhani wanawake walikaa humo kwenye msiba. Akamuuliza, "Mlilala humo?" Yule mama akamjibu, "Hapana, tulimuoshea humo. Siku hizi wote tunawaoshea kwa dada yenu, ametutoa aibu."

Tunu alitapika pale pale, mbele ya duka, watu wakitazama. Alirudi chumbani akiwa ameshika ukuta, akaniambia, nikasimama kati ya kile chumba nikaangalia tundu kwenye kona. Mimi ndiye niliyelichora! Asubuhi ile nilikuwa nimepiga mswaki nikatemea humo.

Dada, nina maswali na nataka yajibiwe. Tulilalia godoro gani? Mashuka yale ya maua ni ya nani? Ndoo ya bluu niliyoogea ni ndoo gani? Tunu tangu tumerudi anajisugua kwa dettol mpaka mikono imechubuka. Nguo zote tulizokwenda nazo amezichoma nyuma ya nyumba, na kanzu yangu ya Idi imo. Chakula hakikai tumboni. Mimi nikifumba macho nasikia yale maji yanavyoshuka kwenye bomba, goloo, goloo, na mate yananijaa kinywani.

Nilikuchorea chumba cha wageni. Umekigeuza mochwari, ukamlaza humo mke wangu, na hukutuambia. Nakuomba tundu lile lizibwe, na kazi hiyo ikome.

Harithi


Nkowe
30 Januari 2025

Harithi,

Mpe pole wifi. Mwambie anywe uji wa muhogo wenye ndimu, tumbo litatulia.

Majibu ya maswali yako. Ndoo ya bluu ni ya kuogea mgeni. Za kuoshea ni nyekundu, zinakaa kibandani na kata zake, hazikutani. Mashuka ya maua niliyanunua Ruangwa mjini kwa ajili yenu, mlikuwa wa kwanza kuyalalia. Kitanda mlicholala hutolewa nje chenyewe na godoro lake kabla ya kazi. Kitanda cha kuoshea ni kile cha kamba, kimening'inia nyuma ya jiko, ulikipita kila ulipokwenda chooni. Sakafu husuguliwa kwa sabuni na maji ya moto, nikafukiza udi, chumba kikakaa wazi mchana kutwa. Hukunusa kitu. Ungenusa ungesema.

Sikuwaambia kwa sababu mlikuja kulala, hamkuja kukagua.

Sasa na mimi nikueleze. Nyumba nyingi hapa ni vyumba viwili vya udongo. Mtu akifa masika, wanawake wanachimba shimo chumbani, udongo unalainika, tunasimama kwenye tope la maji yake mpaka juu ya vifundo, na watoto wamelala chumba cha pili. Wengine tunawaoshea uani, tumezungusha kanga. Mwaka juzi upepo uliiondoa kanga moja, na mama wa watu akabaki wazi mbele ya vijana waliokuja kuchimba kaburi. Mtu mzima, mwenye wajukuu. Kama unatafuta kinyaa, kilikuwa pale, hakiko kwenye chumba changu chenye chokaa.

Bi Somoe aliingia kwa mlango mpana, akaoshwa amefungiwa, akatoka msafi. Naye alikuwa mgeni. Mgeni ni nani kama si mtu anayepita?

Kuna jambo lingine ambalo wewe unalijua na mimi nalijua. Sitaliandika.

Mwanabibi


Nachingwea
3 Machi 2025

Dada yangu,

Shikamoo, na Ramadhani njema. Huku jua kali, saumu ya siku ya kwanza ilinilaza.

Nina habari njema. Samia amepata mchumba. Anaitwa Fahadi, mwalimu, kwao Tabora, kijana mtulivu. Mama yake na mama yake mdogo wanataka kuja kututambua baada ya Idi. Baba na mama wameshatangulia, kwa hiyo mkubwa wetu ni wewe, na desturi inataka waje kwako Nkowe, wapokelewe, walale walau siku mbili. Siwezi kuwapeleka kwingine wakanielewa.

Ndiyo maana narudi kwenye lile jambo. Fikiria mama wa watu ametoka Tabora, analala humo, asubuhi mke wa Yunusi anampa habari. Posa itaishia dukani. Na mimi ningekuwa yeye ningewaondoa wanangu kwa watu wa namna hiyo. Siwezi hata kula daku vizuri, kila nikikumbuka lile tundu nasukuma sahani.

Umesema mgeni ni mtu anayepita. Hayo ni maneno mazuri, dada, lakini godoro ni godoro. Lizibe tundu. Kama ni gharama za fundi, zote juu yangu.

Na hilo jambo ambalo hukuliandika, sijui unasema lipi.

Harithi


Nkowe
20 Machi 2025

Harithi,

Hongera kwa Samia. Nimemuombea dua kila futari. Mama wakwe waje, nawakaribisha, nitawapikia mpaka washindwe kuinuka.

Kuziba, hapana. Watalala chumbani mwangu, mimi nitahamia jikoni. Mke wa Yunusi nitamwambia afunge mdomo, ataufunga.

Mwanzoni mwa mwezi ujao sitakuwapo siku chache, nakwenda Malolo kwenye hitima ya mume wa rafiki yangu. Mkileta vyombo vya ugeni, ufunguo uko kwa Yunusi.

Umesema hujui nasema lipi. Haya.

Mwanabibi


Nachingwea
29 Aprili 2025

Dada yangu mpendwa,

Shikamoo. Wageni wamefika kwao salama na wamepiga simu kushukuru. Mama yake Fahadi anasema hajawahi kula mbaazi za nazi kama zako, na kwamba chumba kilikuwa kizuri kiasi cha kumfanya atamani kurefusha safari. Nilijua ukiona wamekipenda wenyewe hutawahamishia chumbani mwako. Mambo yote yamekwenda, ndoa tumepanga baada ya msimu wa korosho.

Vile vigae ulivyovikuta uliporudi Malolo ni zawadi yetu mimi na Tunu. Nilikuja na fundi wangu Saturnini, tukaviweka kwa siku mbili. Umeona na kile kifuniko cha tundu kinavyong'aa? Nilijua ungeogopa kwamba nimelitoa. Sikulitoa, lipo pale pale.

Tunu sasa anakula vizuri.

Mdogo wako,
Harithi


Nkowe
17 Juni 2025

Harithi,

Nakusalimu. Leo sina habari za ufuta.

Mwamini amefariki. Ni binti ya Yunusi, yule aliyekuwa akinisomea barua zako miwani yangu ilipovunjika. Alijifungua, mtoto akaishi, yeye hakuishi. Alikuwa wa umri wa Samia.

Walimleta kwangu asubuhi, wa kwanza kuoshwa humo tangu uweke vigae. Tulitoa kitanda, tukatandika cha kamba, tukafunga mlango. Wanaume walikaa nje kwenye jamvi, Yunusi mbele yao, karibu na kizingiti, maana alisema anataka kuwa karibu naye. Tulikuwa wanawake wanne. Mama yake ndiye aliyekuwa akimimina maji, mimi napitisha mkono.

Unajua mwili wa mzazi aliyekufa kwa kuvuja damu unavyokuwa. Hujui, lakini ninyi wanaume mnaweza kukisia. Tulimwaga ndoo ya kwanza na ya pili. Nikaona miguu yangu inalowa. Nikamwambia mmoja wetu ainue kile kifuniko kinachong'aa. Akainua. Maji yalikuwa yamesimama humo, mekundu, yanatutazama. Tulichokonoa kwa waya, waya ukagonga kitu kigumu. Tulichokonoa kwa mti wa ufagio, ukavunjika.

Harithi, huwezi kumwacha mtu katikati. Ameshalowa, hajatoharika, lazima umalize. Tukaendelea. Kila ndoo tuliyomimina iliongeza. Yalifika vifundoni. Vigae vyako vinateleza, mama yake akaanguka humo, akainuka, kanga imemganda mwilini, akachota tena. Halafu yakaanza kupita chini ya mlango.

Mimi sisikii, lakini niliambiwa. Wanaume waliyaona yanakuja kwenye jamvi. Wakasimama, wakainua kanzu zao, wakarudi nyuma huku wamejiziba pua. Wote isipokuwa Yunusi. Yunusi alibaki ameketi, maji ya binti yake yakampita chini, yakamlowesha. Walimwita, "Mzee, inuka." Akasema, "Niinuke niende wapi?"

Tulipomaliza kumzika nilimwita fundi wa hapa. Akang'oa kifuniko, akachungulia, akaniambia, "Bibi, humu ndani mtu amejaza zege. Na si bahati mbaya, limeshindiliwa." Mke wa Yunusi akasema alimwona Saturnini akikoroga.

Nilisema kuna jambo sitaliandika. Sasa naliandika. Mama alifia kwako Nachingwea. Ulikuwa na chumba cha wageni chenye vigae, maji yanatoka ukutani, yanaingia sakafuni. Nilikuomba ufunguo. Ulikuwa nao mfukoni, niliuona umevimba kwenye kanzu. Ukaniambia, "Kile chumba cha wageni, dada, kuna vitu vya watu. Muosheeni nyuma." Tulimuoshea nyuma, kati ya choo na banda la kuku. Kuku mmoja aliingia chini ya kanga akanywa maji ya mama. Nilimfukuza, akarudi, akanywa tena. Kesho yake kuku wale wale walichinjwa, wakaletwa kwenye sinia la waombolezaji. Mimi niliinuka nikaenda kukaa barabarani. Wewe ulikula, nilikuona ukilamba vidole.

Toka siku ile sijaweka kuku mdomoni. Ukinitajia kinyaa, Harithi, mimi nakijua kwa sura.

Mwanabibi


Nachingwea
20 Julai 2025

Dada yangu,

Shikamoo. Tumepokea habari za msiba, Mungu amrehemu marehemu na awape subira. Huku baridi ya asubuhi ni kali mwaka huu. Samia anaendelea na maandalizi, amechagua rangi ya kijani. Kazi yangu imepungua kidogo, watu wanasubiri minada ya korosho ndipo wajenge.

Tunu amekutumia mzigo kwa konda: doti mbili za kanga, sukari, na miwani. Natumaini miwani itakufaa.

Naomba uwe na afya njema.

Harithi


Nkowe
2 Agosti 2025

Harithi,

Barua yako nimeisoma mara mbili kwa kioo kimoja cha miwani kilichobaki, mbele na nyuma. Haina kitu.

Mzigo nimemrudishia konda, hata kamba sikuifungua.

Mwanabibi


Nkowe, mezani kwako
13 Septemba 2025

Dada,

Shikamoo. Nimefika bila taarifa na hukuwapo. Yunusi ameniambia uko shambani, utarudi jua likipungua. Alinipa ufunguo. Hakunisalimu, aliuweka juu ya meza ya duka akageuka kupanga viberiti. Nilimwambia pole kwa binti. Akasema, "Asante, fundi." Hajawahi kuniita fundi.

Tunu anajua nimekuja. Alinifungia kitambaa cha kuziba pua kwenye mfuko, akasema nikirudi nioge nje kabla sijaingia ndani. Sitakuficha mambo ya nyumbani kwangu, yako hivyo.

Sikuja na Saturnini. Nimekuja na tindo na nyundo. Zege lilikuwa limeshika vizuri, nililipima mwenyewe siku ile, kwa uwiano wa zege la nguzo. Nimelivunja kipande kipande, nimelala kifudifudi, mkono ndani ya tundu mpaka begani. Chini yake palikuwa pameganda kitu ambacho sitakitaja. Harufu yake ilinipanda mpaka machozi yakatoka. Nilikimbia nje mara tatu. Kile kitambaa cha Tunu nilikitupa, kilikuwa kinanukia manukato na mchanganyiko ule ulikuwa mbaya zaidi. Mwisho nilitoa yote kwa mikono, nikayafukia nyuma ya shimo. Vigae vya karibu na mlango nimeving'oa, vinateleza. Nimesiriba saruji ya kukwaruza ambayo mguu utashika. Usiikanyage mpaka kesho. Nimemwaga maji, yameshuka.

Halafu nikajaribu kukaa kitandani nikusubiri. Nimeshindwa, dada. Nimekaa ukingoni, ngozi ikanisisimka, nikasimama. Nimekunywa maji ya mtungi wako, nikayatema mlangoni. Sijui nikudanganye nini. Kinyaa bado ninacho, kile kile cha Januari, labda kimezidi. Nilidhani nikivunja kitaondoka.

Kuhusu mama, nimeanza mistari minne nikaichana.

Noah ya mwisho inaondoka, nami nakwenda. Ila kuna kitu kimoja nataka kukijua. Wewe unawezaje? Umezaliwa tumbo moja na mimi. Ulikuwa ukikimbia ukiona kenge. Mkono wako unapita kwenye mwili wa mtu aliyeharibika, halafu jioni unakanda ugali kwa mkono huo huo. Unawezaje?

Harithi


Nkowe
21 Septemba 2025

Mdogo wangu,

Salamu kwako na kwa Tunu, na mwambie Samia kijani ni rangi nzuri. Nimefika nyumbani siku ile vumbi la Noah bado halijatulia. Barua niliiona kwenye meza, na matapishi yako niliyaona chini ya mkorosho, umefukia vibaya, mbwa wameshafukua.

Saruji imekauka vizuri. Juzi tuliingia na mama mmoja wa Nanganga aliyefia kwa mwanawe hapa. Alikuwa amekaa siku nyingi kitandani, mgongo umefunguka, nilihesabu mbavu bila kutaka. Hakuna aliyeteleza, na maji yalikwenda.

Umeniuliza nawezaje. Siwezi, Harithi. Hakuna hata siku moja niliyoweza. Nikianza, harufu inanikaba, koo linapanda, naimeza, inapanda tena. Namuosha huku nimeuma shavu kwa ndani, ukilitazama utalikuta na makovu. Nampaka kafuri, namfunga sanda, mlango unafunguliwa, anatoka. Nasimama pale mpaka wanaume wamemwinua na wamepotea njiani. Ndipo naenda nyuma ya jiko natapika mpaka nyongo. Kila mara, tangu wa kwanza mpaka huyu wa juzi. Wanawake wenzangu wanajua, mmoja hunishikia maji ninawe. Na ule ugali unaousema huwa sili, naukanda kwa ajili ya wengine, mimi nalala na njaa.

Kwa hiyo usikae ukingojea kinyaa kiishe ndipo uwe mtu. Hakiishi. Ukikingojea, mama wa watu ataoza mbele yako ukiwa bado umeziba pua.

Miwani kama bado ipo, mpe konda, nitaipokea.

Dada yako,
Mwanabibi